Baba Yuro

Anayetaka kuniita Baba Yuro kuanzia leo, aje kwanza na yuro moja mkononi. Jina nililopewa na marehemu baba lilikuwa linanitosha. Miaka ishirini na mitatu nimeketi chini ya mwarobaini huu, Barabara ya 12, Ngamiani, naziba pancha, nanyoosha rimu, nakaza spoki, na Tanga nzima ilikuwa ikiniita Fundi. Siku mwanangu alipopanda ndege kwenda kusoma Ujerumani, Fundi akafa. Akazaliwa huyu Baba Yuro, tajiri mmoja ambaye mimi mwenyewe sijawahi kuonana naye, na siku nikimwona nitamkopa.

Zamani kadi ya mchango wa harusi ikinifikia ilikuwa imeandikwa singo, tena kwa mwandiko wa kuona haya. Siku hizi zinakuja dabo, na mleta kadi haondoki. Anakalia tairi langu bovu anasubiri. Msikiti unaezekwa upya, naitwa. Timu ya mtaa haina jezi, naitwa. Juzi jirani kanionyesha picha ya kiatu kwenye simu: "Mwambie dogo, namba arobaini na mbili, cheupe." Nani analipa, hakusema. Ulaya viatu vinaokotwa.

Nikijitetea kwamba mtoto ni mwanafunzi, watu wanacheka. Kisa ni kijana mmoja wa kibanda cha kutoa kopi hapo jirani, ambaye kazi ni chache na bando analo. Yeye ndiye aliyesoma kwamba mwanafunzi asiye na mfadhili hapati viza ya Ujerumani mpaka aonyeshe yuro 11,904 za mwaka mzima, zimefungiwa kwenye akaunti, kila mwezi anachota 992 tu. Akatoa kikokotoo mbele ya watu, akazidisha kwa karibu elfu tatu, akapata zaidi ya milioni thelathini. Baraza zima likageuka kunitazama na hizi kandambili zangu, moja ya bluu moja ya kijani.

Nikawaeleza: huyu kaenda kwa ufadhili, mfadhili ndiye aliyemdhamini, mimi nimelipa nauli na makoti tu, na kwa hayo niliuza baiskeli tatu na mbuzi. Nikajibiwa, "Ndivyo wanavyosema matajiri wote."

Sasa hebu niwasimulie siku moja tu ya huyo mwanafunzi wa Ulaya. Moja. Jana, Jumanne. Kisha mniambie nani anasoma na nani anateseka.

Naamka kwa adhana ya alfajiri, simu ina jumbe za sauti saba kutoka Leipzig. Ya kwanza: "Baba, umelala?" Ya pili: "Nadhani umelala." Ya tatu kelele za upepo mtupu. Ya nne: "Baba, baiskeli imepata pancha, gurudumu la nyuma." Ya tano anamsalimia mama yake. Ya sita anauliza kama ile ya nne imefika. Ya saba: "Basi Baba, nitakupigia saa tisa."

Saa tisa! Hapo ndipo nilipoumbuka. Mimi mtu wa pwani, nikiambiwa saa tisa najua ni mchana, jua kali, watu wamekula wamejinyoosha. Nikapanga kazi zangu. Saa tano asubuhi, nimempindua mchuuzi wa samaki baiskeli yake magurudumu juu, mikono imejaa grisi, simu hiyo inalia. "We mtoto si umesema saa tisa?" "Ndiyo saa tisa, Baba. Huku." Huku! Kwa hesabu ya mama yake aliyemzaa, huko ilikuwa saa tatu asubuhi. Miezi kumi na minne tu, na saa ya Kiswahili kaiacha uwanja wa ndege pamoja na chupa ya maji.

Tena tofauti yenyewe haitulii mahali pamoja. Wakati wa baridi wako nyuma yetu saa mbili, wakati wa joto saa moja. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanazirudisha nyuma, nchi nzima, hata ile ya ukutani. Mke wangu alipoelezwa alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Hiyo saa moja wanayoirudisha Oktoba, tangu Machi walikuwa wameiweka wapi?" Hajajibiwa mpaka leo.

Basi saa tano hiyo namwona kwenye kioo cha simu, kofia mpaka kwenye nyusi, shali mpaka puani, yamebaki macho mawili kama mwizi wa kuku. Anaisukuma baiskeli. Jua lao la Desemba linachomoza saa mbili na dakika zake asubuhi, na hata likichomoza linakuwa kama mgeni asiyetaka kukaa. Kwetu hapa saa hiyo nimeshaziba tatu na kunywa chai.

"Ipeleke kwa fundi," nikamwambia.

"Baba, fundi huku kuziba pancha ni yuro ishirini."

Jamani. Spana ilinidondoka. Yuro ishirini ni kama elfu sitini. Mimi naziba kwa buku, na mteja analia nimpunguzie, wengine wanataka na upepo wa bure. Pancha moja ya Leipzig ni pancha zangu sitini! Mchuuzi wa samaki alikuwa kachutama pembeni, kasikia, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Fundi, wewe umezaliwa kituo kisicho chako."

Sikumjibu. Nilikuwa nakumbuka kwamba mwezi uliopita polisi alimsimamisha kijana usiku kwa kuendesha baiskeli bila taa. Faini? Yuro ishirini. Nadhani huko ndiyo bei ya kufungulia mdomo. Hapa tunaendesha kwa mbalamwezi na Bismillahi, na nusu ya baiskeli za mji huu taa mara ya mwisho zilikuwa nayo siku zilipotoka dukani.

Nikamwambia awahi darasani, jioni tutaliona. Akasema hana haraka, kipindi kimeandikwa saa tatu lakini kinaanza saa tatu na robo. Ni desturi ya vyuo vyao vingi, ile robo saa inajulikana, ina na jina lake, mwalimu anaijua na mwanafunzi anaijua. Mnasikia? Mjerumani kachelewa robo saa, ikaitwa desturi ya kitaaluma. Mimi nikichelewa robo saa naambiwa, "Hawa watu wa Tanga bwana."

Saa nane mchana ikaja picha ya sahani. Kila siku inakuja. Viazi, majani, na kitu cha duara. Nisingekuwa na neno, ila picha ikifika mke wangu anaacha chungu jikoni anakuja kuipanua kwa vidole viwili kama daktari wa eksirei. "Hiyo nyama gani?" Si nyama, Mama, ni dengu. "Mbona imekaa kama nyama?" Wameifanya ikae hivyo. "Kwa nini wanaidanganya dengu?" Kwa hofu ya nguruwe mtoto wangu sasa anakula majani nchi ya watu, na mama yake kila nikimaliza kula ananiambia, "Unashiba vipi?" Mbaazi za nazi nimezilipia mwenyewe, mama! Lakini nazila kwa siri, nimegeukia ukuta.

Jumapili ndiyo balaa zaidi. Maduka yao Jumapili yanafungwa, karibu yote. Mwaka jana, wiki zake za kwanza, kijana kasahau kununua chakula Jumamosi, Jumapili akatupigia simu ana njaa. Mama mtu akamwambia, "Si ugonge kwa Mangi?" Hakuna Mangi, Mama. "Mlango wa nyuma." Hakuna mlango wa nyuma. Mke wangu akakaa chini. Nchi imetengeneza magari yote yale, na haina Mangi mmoja wa kugongewa dirisha saa sita za usiku akakupa unga nusu kilo na matusi. Jumapili hiyo hiyo akaamua atwange kisamvu alichopata kwenye duka la Waasia, kilichogandishwa kwa barafu, kwa kile kinu kidogo alichobebeshwa na bibi yake. Akagongewa mlango. Jumapili ni siku ya kimya. Hupigi kinu, hutoboi ukuta, hata mashine ya kufagilia unaiacha ilale. Bibi yake akauliza kama basi wanaruhusiwa kupumua.

Alasiri nikapanda baraza la kahawa nipunguze mawazo. Kosa. Wale wazee wanasubiri habari za Ulaya kama wengine wanavyosubiri matokeo ya Coastal Union. Nikawapa ya redio: kijana hana redio, hana televisheni, na inakuja barua nyumbani kwao, kwa karatasi na bahasha, kudai mchango wa redio na televisheni yuro 18 na senti 36 kwa mwezi kwa nyumba, uwe navyo usiwe navyo. Nikawapa ya mapipa: pipa la njano la vifungashio, la bluu la karatasi, la kahawia la maganda, jeusi la yaliyobaki, na chupa za kioo zina mapipa yao kwa rangi. "Mtu akishatupa takataka zote," akasema mmoja, "anapewa cheti?"

Nikawapa na ya chupa tupu. Chupa ya maji ya plastiki ukiirudisha dukani, mashine inaimeza na inakulipa senti 25. Ya bia ya kioo senti nane. Chupa nne za plastiki, yuro moja. Mahesabu yakapigwa hapo hapo kwenye sahani ya kashata. Kumbe chupa nne tupu za Ujerumani zinaingiza sawa na pancha zangu tatu, na chupa haitoki jasho. Nikajuta kueleza.

Mzee wa kahawa alikuwa kimya, anagonga vikombe vyake. Yule ana kitu kimoja tu anachokijua kuliko wote, nacho ni Wajerumani. Akaanza. "Hawa si wageni wetu hawa? Reli walianzia hapa hapa Tanga, 1893. Neno shule unalolitumia ni la kwao. Mwaka huo huo 1893 Daktari Hindorf kaleta miche ya mkonge kutoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Wakaujaza mkoa mzima. Wewe umewapelekea mche mmoja unapiga kelele. Subiri uote."

Nikamwambia mche wenyewe unanyonya mbolea nyingi.

"Basi dai," akasema. "Novemba 1914, Waingereza wameshuka hapa na askari kutoka India wawatoe Wajerumani. Nani aliwatoa mbio wale? Nyuki! Nyuki wa Tanga. Vita yenyewe mpaka leo wanaiita ya nyuki. Mwambie dogo aipeleke habari hiyo pale anapolipa kodi ya chumba. Wana deni la nyuki wale."

Baraza likaafiki kwa kauli moja. Mmoja akataka na riba. Na mimi, wallahi, sijui kilichoniingia, nikashika simu nikatuma ujumbe wa sauti, nyuki na mwaka na kila kitu. Baada ya dakika mbili jibu likaja, wote tukainamia simu. "Baba, nimeuliza. Kuna fomu."

Magharibi ikanikuta nyumbani. Hapo ndipo anapoongea na bibi yake, kila siku. Mama yangu haoni vizuri lakini anaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya uji. "Mbona giza?" Jua limezama, Bibi. "Lini?" Nusu saa iliyopita. Bibi akatazama nje, jua letu lilikuwa ndiyo linatua nyuma ya minazi. Saa ya ukutani kwao inasema kumi na nusu, yetu inasema kumi na mbili na nusu, na giza limepishana nusu saa tu. Akakaa kimya. Kisha akauliza, Ramadhani ikiangukia mwezi kama huu, wanafuturu saa kumi jioni? Ndiyo, Bibi. Akasema dini huko ni nyepesi, angehamia. Nikamwambia ikiangukia Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku. Akanirudishia simu.

Mie nikachukua nafasi hiyo kuuliza la maana: "Na mitihani ya Februari umejiandaa vipi?"

"Haloo? Baba? Unakatika... mtandao... haloo?"

Kila siku! Mtandao ule unabeba nyuki, unabeba viazi, unabeba mpaka sauti ya upepo. Ukifika kwenye mitihani, unakatika.

Saa tatu usiku akarudi hewani, kwao saa moja. Yuko jikoni. Jiko lenyewe la watu wanne, na zamu ya kufagia imebandikwa ukutani. Baiskeli kaipindua sakafuni juu ya magazeti. Na mimi nyumbani kwangu nina baiskeli nyingine imepinduliwa uani, ya yule mchuuzi wa samaki, ambaye kaja kuifuata kwa sababu alfajiri lazima awe Deep Sea kufuata samaki. Nikamwomba avumilie kidogo, anishikie tochi. Akaishika. Tochi inamulika baiskeli yake, macho yangu yako Leipzig.

"Nafungua gurudumu, Baba."

"Weka chini hiyo spana! Anayefungua gurudumu la nyuma kwa ajili ya pancha hakufundishwa. Tairi litoe upande mmoja, lete vijiko viwili."

Akaleta vijiko. Tyubu ikatoka. Nikamwambia alete beseni la maji atafute tundu. Beseni hawana. Akachukua sufuria la kijani jikoni, kubwa, zuri, akajaza maji, akazamisha tyubu, mapovu hayo pru pru pru. Tukashangilia wote wawili. Tulipoinua macho, mlangoni amesimama Mjerumani mrefu, ana pakiti ya tambi mkononi, anaangalia sufuria lake.

Sikuelewa walichosema, ila nimekaa miaka mingi na wateja, uso wa mtu anayetaka kukasirika naujua. Nikamwambia mwanangu, "Mgeuzie simu." Nikampungia mkono na spana. Mjerumani akashangaa, akapunga na tambi. Kazi ikaendelea. Msasa hakuna, nikamwambia asugue kwa ubavu wa kiberiti. Gundi na kiraka kanunua dukani. "Paka, acha ikauke. Usikibandike kibichi! Solusheni haipendi haraka. Huku nyuma pitisha kidole ndani ya tairi, taratibu, mwiba bado upo." Haukuwa mwiba. Kigae cha chupa ya bia. Mtu kavunja chupa ya senti nane, nusura amtie mwanangu hasara ya yuro ishirini.

Halafu akakibandika kiraka. Na nikaona anakikandamiza kwa dole gumba, anaanzia katikati anakwenda pembeni, pembeni, anazunguka. Hilo sikumwambia. Alipokuwa na miaka sita alikuwa akikaa hapo kwenye kopo la rangi, na nilikuwa nadhani anacheza na mchanga.

"Tochi inatikisika," nikamwambia mchuuzi. Akasema haitikisiki.

Upepo ukajaa, ukakaa. Mjerumani akauliza kitu. Mwanangu akatafsiri: "Anauliza Baba unalipisha ngapi kazi hii." Nikasema ukweli, buku. Wakapiga hesabu: kama senti thelathini na tano. Mjerumani akanyamaza. Akaweka tambi juu ya meza, akatoka mbio, akarudi na baiskeli yake.

Ndani ya nusu saa jiko lile lilikuwa gereji. Kaja Mvietnamu na mnyororo uliolegea. Kaja binti wa Kihindi, kaja na mwenzake wa ghorofa ya juu ambaye hata hakujitambulisha. Mwanangu mikono imejaa grisi, anacheka, anaita "Baba hii vipi, Baba ile vipi." Nikamuuliza pembeni, kwa Kiswahili cha ndani, kama angalau anakusanya chochote. "Hapana Baba, kibali cha mwanafunzi hakiniruhusu kujifungulia biashara yangu bila ruhusa. Watanipa tambi."

Tambi! Nimeuza baiskeli tatu na mbuzi, nimempeleka mtoto Ulaya asome uhandisi, amekuwa fundi baiskeli. Wa bure. Mimi angalau nilipata buku.

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kinywa nimwambie hayo, akaisogeza simu karibu na baiskeli ya yule binti. "Baba, hii gia hazipo nje. Ziko ndani ya habu. Na breki ya nyuma unarudisha pedeli. Imekwama kwenye tatu. Tunaanza kufungua wapi?"

Nikaitazama. Nikaitazama tena. Habu nene kama kopo la maziwa, kicheni chembamba kinaingia kwenye tundu na hakitoki. Miaka ishirini na mitatu, baiskeli za Phoenix za kila umri zimepita mikononi mwangu, na kitu kile sijapata kukiona. Na kwenye kioo sura nne zimepangana, Mjerumani, Mvietnamu, Mhindi na yule wa ghorofani, zote zinamsubiri Baba. Ya mwanangu ya tano, ndiyo iliyokuwa na imani kuliko zote.

"Haloo?" nikasema. "Mwanangu? Haloo? Unakatika... sikusikii... mtandao..."

Nikazima simu, nikaitia mfukoni.

Mchuuzi wa samaki bado kashika tochi. Aliiona ile simu kabla haijazima, na mtandao ulikuwa umejaa vistari vyote vinne.

"Baba Yuro," akasema, "pancha yangu."